Unga Unaofaa kwa Wagonjwa Wote

Kama ningeweza kurudishiwa siku moja tu ya maisha yangu, nisingeomba siku ya harusi yangu wala siku aliyozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Ningeomba alasiri moja pale senta ya Rulenge, dukani kwa rafiki yangu, aliponiwekea mbele karatasi nyeupe na kalamu ya wino mzito, akaniomba nimwandikie maneno ya kubandika kwenye mifuko ya unga. Ningeirudisha ile kalamu juu ya meza, nikamaliza chai yangu, nikaenda zangu nyumbani.

Lakini niliandika.

"Karani," aliniambia, maana hivyo ndivyo watu wote walivyoniita tangu nilipokuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, "mwandiko wako unauza kuliko unga wenyewe. Andika kubwa: Unga wa Afya."

Nikaandika.

"Chini yake: Unarudisha mwili."

Nikaandika.

"Halafu: Unafaa kwa watoto, wazee, waja wazito na wagonjwa."

Hapo mkono ulisimama. "Wagonjwa gani?"

"Mgonjwa ni mgonjwa, Karani. Au nao wana daraja la kwanza na daraja la tatu kama melini?"

Watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi la duka walicheka, na mimi nikacheka nao. Katika wote waliokuwa mle ndani, mimi peke yangu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kicheko kile kilinifanya nijione ninaleta ukaidi wa wasomi.

"Basi andika wagonjwa wote," akasema, "tusije tukalaumiwa kwa ubaguzi."

Nikaandika wagonjwa wote. Nafasi ilikuwa imebaki mwishoni mwa mstari, kwa hiyo lile neno la mwisho nikalipanua herufi zake ili karatasi ipendeze. Nilikuwa najua vizuri kwa nini mkono wangu ulisimama. Nyumbani kwangu kulikuwa na mgonjwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wamevuka mto kutoka Rwanda, na wengine walikuwa wanashuka vilima kutoka upande wa Burundi, na Ngara yetu, ambayo gari likipita watoto walikuwa wanakimbia kulitazama, ilijaa malori mchana kutwa. Makambi yalikuwa makubwa kuliko miji tuliyoijua. Milima iliyokuwa na miti ikabaki na visiki. Wapo waliopata kazi, wapo walioibiwa mbuzi, na wapo waliopata yote mawili katika wiki moja.

Mkimbizi alipewa unga, na baada ya muda akauchoka, akatamani ndizi na mihogo ya kwao. Sisi ndizi tulikuwa nazo, tukatamani kile kilichokuja na malori. Ndivyo tulivyobadilishana. Huku kwetu vikaingia mafuta ya kupikia ya kwenye makopo, biskuti ngumu zilizofungwa kwa karatasi isiyo na picha, na ule unga wa njano wa mahindi na soya ambao kambini walikuwa wanawapikia watoto uji.

Sifa ya unga ule haikuwa ya uongo. Tuliiona kwa macho yetu. Mtoto aliletwa akiwa mgongoni kwa mama yake kama kitambaa kilichokunjwa, miguu haina nyama, nywele zimebadilika rangi. Ukipita tena baada ya muda unamkuta anafukuza mpira wa matambara. Tuliuliza anakula nini, tukaambiwa uji. Kwa hiyo watu wakasema kama unga unaweza kumrudisha yule, nani utamshinda?

Rafiki yangu alikuwa mtu wa kuona mbele. Alisafisha duka lake, akapaka rangi ya kijani, akaandikisha juu ya mlango kwamba hilo ni duka la vyakula vya afya. Alipanga rafu moja asali, rafu nyingine biskuti za kambini, nyingine chupa za mutobe, yale maji ya ndizi mbivu kabla hayajachachuka, aliyoyaita juisi ya asili. Katikati, mahali pa heshima, aliweka mifuko ya unga. Zamani mtu akienda kumwona mgonjwa alibeba mkungu wa ndizi, au maharage, au kibuyu cha maziwa. Sasa ukienda na mkungu ulionekana hukumthamini. Watu walipitia kwanza kwenye duka la kijani.

Mke wangu alikuwa Msubi wa upande wa Biharamulo, mrefu, mwenye mwendo wa mtu asiye na haraka na asiyechelewa. Kabla ya wakimbizi kuja, alianza kuamka kunywa maji kila mara na kudhoofika. Tulikwenda hospitali, wakampima, wakasema ni kisukari. Daktari alikaa naye kwa utaratibu. Sukari aache. Asali aache, mutobe aache, pombe aache. Ale maharage, ale mboga za majani, ndizi za kupika ale kwa kipimo, ameze vidonge, arudi kliniki. Alimweleza kwa Kiswahili, kisha mimi nikamrudia kwa Kihangaza na kwa maneno machache ya Kisubi niliyoyajua, naye akacheka akasema alikuwa ameelewa tangu mwanzo, ila nimeeleza vizuri.

Alifuata maagizo kama mtu anayesali rozari. Hakuruka punje. Na afya yake ilikuwa nzuri, leo ninajua hivyo: kiu iliisha, alilima, alilala vizuri. Lakini mwili haukurudi. Alibaki mwembamba, mifupa ya mabega ikionekana chini ya gauni.

Mtu wa mahali pengine labda hatajua maana ya wembamba huo. Mkoani kwetu, miaka ile, mtu aliyekonda alikuwa ameshahukumiwa. Ule ugonjwa ulikuwa umepita nyumba kwa nyumba, na watu hawakuutaja jina. Walitazama mabega yako tu.

Siku moja tulikwenda kwenye harusi Bugarama. Kwetu pombe ya ndizi hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na kukaa penye chungu ni kukubaliwa. Mke wangu alikuwa hanywi tangu akatazwe, ila kwa heshima alizoea kukaa na wenzake, kuugusa mrija kwa midomo, na kuuacha. Siku hiyo, kabla hajafika hata penye chungu, mama mmoja aliinuka akamletea kikombe cha plastiki.

"Wewe mama tumekuwekea chako," alisema kwa sauti ya upole. "Usihangaike kuinama."

Mke wangu alikipokea kwa mikono miwili. Alishukuru. Alikaa nacho mapajani mpaka tulipoaga, pombe ikiwa vilevile ilivyomiminwa.

Njiani nilimwambia, "Waambie ni kisukari."

"Nimwambie nani? Nitembee na cheti shingoni? Nikisema si ule, watasema ndivyo wote wanavyosema."

Tangu siku hiyo tukakubaliana tusiseme lolote kwa mtu yeyote. Na mimi, moyoni, nikaanza kutamani kitu kimoja tu: mke wangu anenepe, watu wamwone. Sikusema nataka apone. Alikuwa hajambo tayari. Nilitaka anenepe.

Kwa hiyo alasiri ile ya kalamu, rafiki yangu aliponipa mfuko mmoja wa unga kama shukrani, sikuuacha dukani.

Mke wangu aliukuta mezani. Alisoma mpaka darasa la saba na alipenda kusoma kila kilichoandikwa, hata gazeti lililofungiwa nyama. Aliinua mfuko, akausogeza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Huu mwandiko naujua," alisema, akatabasamu. Alipitisha kidole chini ya mstari wa mwisho. "Wagonjwa wote. Hata sisi wa kisukari?"

Nilikuwa na nafasi nyingine hapo. Ningeweza kusema, sijui, hayo ni maneno ya biashara. Lakini mtu aliyeandika jambo mchana na kulikana jioni anajiona mdogo mbele ya mke wake.

"Si nimeandika wote?" nikasema.

"Basi. Kama ni wewe umeandika."

Alipika uji, akauleta kwenye bakuli. Sasa kwetu kuna desturi, nadhani haijafa bado, kwamba anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako. Ndiyo namna ya kusema hakina sumu, na kama kina sumu tutakufa wote. Kwa kuwa unga niliuleta mimi, aliniletea bakuli mimi kwanza, nusu kwa heshima na nusu kwa utani.

"Onja, mzee. Nisije nikafa peke yangu."

Nikaonja. Ulikuwa mtamu. Utamu wake ulikuwa mwingi kuliko wa mahindi yoyote niliyowahi kula.

"Mbona umekaa unatafuna hewa?" akauliza. "Uji una nini?"

"Hauna kitu," nikasema. "Utamu wa soya huo."

Sikuwa nimewahi kula soya maishani mwangu. Nilimpa bakuli, akanywa.

Sumu niliyofundishwa kuiogopa ni ile inayomuua aliyeonja. Haikunijia akilini kwamba kuna chakula ambacho mwonjaji atakaa nacho miaka thelathini bila kuumwa hata tumbo, huku aliyeonjewa anakwisha. Wazee waliotuachia desturi hiyo hawakuwa wamefikiria miili miwili tofauti katika nyumba moja.

Wiki za kwanza zilikuwa za furaha, na hilo ndilo linalonitesa. Alikuwa amekaa muda mrefu akila kidogo, na sasa alikunywa uji asubuhi na jioni. Mashavu yakaanza kujaa. Nilimwona akijitazama kwenye kioo changu cha kunyolea, akigeuza uso upande mmoja na mwingine. Kina mama wa jumuiya ya kanisani, ambao walikuwa wameanza kusali kwenye nyumba zote isipokuwa yetu, wakasema wiki ijayo ni zamu yetu. Walipokuja aliwapikia uji wa unga uleule, na kwa desturi aliuonja yeye kwanza, bakuli kwa bakuli, kila mgeni na lake. Walikunywa wakamsifu. Kliniki aliacha kwenda. Aliyenenepa, alisema, atakwenda kupanga foleni na wagonjwa afanye nini? Sikumsukuma.

Kaka yake alikuja kutusalimia kutoka Biharamulo, mtu wa maneno mengi, amebeba kopo la asali ya porini. Hajakaa vizuri akaanza.

"Dada, sasa umekuwa mtu! Mwaka jana nikikutazama nilikuwa nadhani nimekaribishwa na mwiko."

"Na wewe tumbo lako linaingia mlangoni kabla yako," alijibiwa.

"Hili ni la heshima. Shemeji, unamlisha nini dada yangu?"

Mke wangu alikwenda akaleta mfuko, akamwonyesha maneno. "Ameandika mwenyewe," alisema.

Shemeji alisoma kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamsogezea kopo lake. "Changanya na hii. Asali si sukari. Nyuki hana kiwanda."

Tulicheka sote. Mke wangu hakulichukua kopo mara moja. Alinitazama mimi kwanza, akisubiri niseme. Daktari alikuwa ametaja asali kwa jina. Nilikuwa nimelitafsiri mimi neno hilo kwa lugha mbili.

"Kijiko kimoja hakina neno," nikasema.

Baada ya hapo, rafiki yangu aliniita tena nikamwandikie karatasi nyingine, maana unga ulikuwa unakwenda mpaka Biharamulo mjini. Nilikuta mlango wa mbele umefungwa, nikazunguka nyuma. Uani, juu ya turubai, wanawake wawili walikuwa wanachanganya unga kwa mikono. Pembeni walikuwa wameweka kinu chenye biskuti zilizopondwa. Na mmoja wao alikuwa ameinua mfuko wa sukari, anaimimina juu ya unga ule wa njano kama mtu anayetia mchanga kwenye saruji.

"Sukari?" nikamuuliza rafiki yangu.

"Sasa wewe ulidhani nini? Kambini ndivyo wanavyofanya, sukari na mafuta ndani, ndiyo maana watoto wanajaa. Ule wa mwanzo nilikuwa naupata umeshachanganywa. Siku hizi unakuja mtupu, nachanganya mwenyewe." Alinishika bega. "Mbona umeduwaa? Sukari si dhambi."

"Ni nyingi?"

"Ya kuleta ladha tu, ndugu yangu. Njoo ndani, karatasi ziko tayari."

Simlaumu. Watoto wake mwenyewe walikunywa uji huo kila siku, wakakua. Alijua mke wangu amekuwa akiugua, ila hakujua ugonjwa gani, kwa kuwa mimi na mke wangu tulikuwa tumekubaliana tusiseme. Mtu pekee aliyekuwa amesimama pale uani akiijua sukari na akiujua ugonjwa ni mimi.

Niliingia ndani, nikakaa, nikaandika karatasi zote alizonipa.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kumwambia. Nakumbuka nilikuwa nimepanga hata sentensi ya kwanza. Nilipofika, nilisikia vicheko kabla sijaona watu. Jirani yetu alikuwa ameleta chungu kidogo cha pombe kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu, na kina mama walikuwa wamekizunguka uani kwetu, mirija ndani yake, na mke wangu alikuwa katikati yao. Hakukuwa na kikombe cha plastiki. Yule mama wa Bugarama, aliyekuwa shangazi wa jirani, alikuwa anamsogezea mrija wake mwenyewe, akisema, "Gusa basi, dada, hata ukinitemea." Mke wangu aliugusa kwa midomo, akanitazama juu ya vichwa vya wenzake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeachiliwa kutoka gerezani.

Sikusema. Nilijiambia kwamba sukari kidogo ndani ya mambo mengi mema inapotea. Nilijiambia nitasema kesho, halafu Jumapili, halafu mfuko huu ukiisha. Mfuko ulipoisha alinunua mwingine.

Kiu ilirudi. Alianza kubeba kibuyu cha maji kwenda nacho shambani, kisha mpaka kanisani. Alisema jua la mwaka ule ni kali. Nami nikasema kweli ni kali. Halafu asubuhi moja, nyuma ya nyumba, niliona sisimizi. Walikuwa wametoka kwenye nyasi kwa mstari mnene mpaka mahali alipokuwa amejisaidia haja ndogo, wamejaa pale kama penye mabaki ya muwa. Kila mtu wa kwetu anajua sisimizi wanafuata nini. Nilisimama nikiwatazama. Kisha nilikwenda jikoni nikachota majivu, nikawafunika, ili yeye asiwaone.

Nilifanya hivyo siku nyingi.

Kuni zilikuwa zimekwenda mbali. Vilima vilivyo karibu vilikuwa vimekatwa vyote, na ilibidi wanawake wapite katikati ya visiki kufika mahali penye mti. Huko ndiko kisiki kilipomchoma wayo, kimetoboa ndala. Hakusikia maumivu; aliona damu tu alipofika nyumbani. Alicheka akasema ngozi yake imekuwa ya tembo. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi. Hakikupona. Kikageuka rangi. Usiku alianza kuutoa mguu nje ya blanketi, na harufu ikaanza kuwa ya kitu kingine, si ya mtu.

Tulimpeleka hospitali kwa baiskeli, mimi nikisukuma, binti yetu mkubwa akimshika mgongo.

Daktari alikuwa mwingine, kijana. "Shikamoo, mama," alisema. Mke wangu akaitikia marahaba, ingawa midomo ilikuwa imekauka. Walimpima damu. Daktari alipoyaona majibu alikaa chini.

"Sukari imepanda sana, mama. Umekuwa unakula nini?"

Nilijua mke wangu atafanya nini kabla hajafanya. Aliingiza mkono kwenye kapu lake, kwa kuwa alikuwa amebeba unga kwa ajili ya siku za hospitali, akautoa mfuko, akamkabidhi daktari kwa mikono miwili.

"Sijala vibaya, daktari. Huu hapa. Ameuandika mume wangu."

Daktari alisoma. Aliufungua, akachovya kidole, akaonja. Akanitazama.

"Mzee, unajua kilichomo humu?"

"Mahindi na soya," nikasema.

"Na sukari?"

Mke wangu aligeuza kichwa kwenye mto akaniangalia. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anasubiri nimsahihishe daktari.

"Si ulionja?" aliniuliza.

"Nilionja."

"Ulikuwa unajua?"

"Baadaye."

"Baadaye lini?"

Binti yetu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Ningeweza kudanganya, na pengine huo ndio uongo ambao ningesamehewa.

"Kabla ya kisiki," nikasema.

Alifumba macho.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Waliotutibu walifanya yote waliyoweza. Tulirudi nyumbani, nikamchongea gongo la mti wa mruka, kwa kuwa ulikuwa mwepesi, nikalifunga kitambaa pale pa kwapa. Alilitumia. Alinishukuru kwa kulitengeneza, kama mtu anavyomshukuru fundi.

Rafiki yangu alikuja. Alikaa ukumbini, kofia mikononi. Alikuwa amebandua karatasi zangu zote dukani, na alitaka nijue.

"Sikujua, Karani," alisema. "Wallahi sikujua ni kisukari. Nilikuuliza mbona umeduwaa. Ungetamka neno moja."

"Najua."

"Ningekufungia hata mfuko mtupu. Ningemchemshia maharage mimi mwenyewe."

"Najua."

Alilia yeye. Mimi sikuweza.

Mke wangu hakunifukuza wala kunitukana. Aliwaambia kina mama wa jumuiya kwamba ana kisukari, akawaambia wazi, kila aliyekuja, na hakuna aliyembishia tena. Mguu uliokatwa ulikuwa cheti tosha. Kuhusu unga hakuwaambia chochote. Lakini alianza kula mkononi mwa binti yetu peke yake. Kama nilimletea maji, alisubiri. Mara ya kwanza nilidhani anangoja nionje, nikakiinua kikombe nikaonja mbele yake, kama desturi, nikampa. Alikipokea akakiweka chini karibu na gongo.

"Nikunywie?" nilimuuliza, nikijaribu utani wetu wa zamani. "Usije ukafa peke yako."

"Mwite mtoto," alisema kwa upole. "Aonje yeye."

Binti aliitwa kutoka shambani, akaja na matope mikononi, akaonja maji ya mtungi wetu, na mama yake akanywa. Ikawa hivyo. Hata yale maji ya kumezea vidonge niliacha kuyapeleka mwenyewe.

Figo zilikuwa zimeshaanza kuharibika. Uso ulivimba, na watu wasiojua walisema amenenepa. Alifariki msimu ule wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wanarudi kwao, barabara imejaa watu na magodoro tangu mlima mpaka mlima, hata jeneza lililotoka kwa fundi lilichelewa kufika kwa sababu hapakuwa na pa kupita. Kaka yake alikuja kutoka Biharamulo kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Hakuleta asali. Aliniuliza dada yake alikuwa anaumwa nini, nikamweleza yote, tangu kalamu mpaka majivu, na yeye alinisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kukaa na wanaume wengine.

Senta ya Rulenge ina maduka mengi sasa, na mengine yanauza unga wa lishe wenye karatasi za rangi zilizochapwa, picha ya mtoto mnene, maneno mazuri. Wajukuu zangu wakiniletea huwa nasoma nyuma, pale palipoandikwa kwa herufi ndogo, kisha nauweka chini. Binti yangu hunipikia maharage. Hunionjea pia, bila kusema kitu, na nadhani hajui kwamba kila mara anapofanya hivyo namwona mama yake akisubiri na kikombe.

Nilikubali kuandika kwamba unga ule unafaa kwa wagonjwa wote, na nilipoujua ukweli nikanyamaza. Mke wangu alipoteza mguu kwa sababu hiyo, na mwaka uliofuata akafa. Alikufa akiwa hawezi kunywa hata maji kutoka mkononi mwangu.